Wimbo Usio na Maneno

Swali liliulizwa barazani kwangu, hapa Bombambili, Songea, jioni moja ya mwezi wa pili, mvua ikipiga bati kwa nguvu hata tukasogeza mabenchi ili tusikilizane. Jumuiya yetu hukutana nyumba kwa nyumba kwa zamu, na wiki hiyo zamu ilikuwa yangu. Tulikuwa tumesoma Luka, pale mhalifu aliyesulubiwa anapomwomba Yesu amkumbuke. Kijana mmoja wa kidato cha nne, ambaye siku zote huketi karibu na mlango akisubiri sala ya kufunga, akanyoosha mkono.

"Samahani, Mwalimu. Wale wazee waliobatizwa kifungoni kabla ya kunyongwa, waliamini kweli au waliogopa tu?"

Songea hakuna anayeuliza ni wazee gani. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Wangoni waliopigana Vita vya Majimaji, Nkosi Mputa Gama akiwa miongoni mwao. Mashujaa tunaowakumbuka ni 67. Kaburi la pamoja liko Mahenge, hapahapa mjini, penye makumbusho, na Nduna Songea Mbano, ambaye mji wetu unabeba jina lake, ana kaburi la peke yake. Inasimuliwa kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Baadhi ya waliohukumiwa walibatizwa na mmisionari Mbenediktini wakiwa wanasubiri kamba. Miezi michache kabla ya hapo, misheni ya Peramiho ilikuwa imechomwa moto katika vita hivyohivyo. Wazee wale walikuwa wamekwisha kupewa maji mara moja, maji ya dawa ambayo yangegeuza risasi, na risasi hazikugeuka. Sasa waliletewa maji ya pili.

Mwenyekiti wa jumuiya alijibu kwamba neema ya Mungu haina mipaka. Tukaimba, tukanywa chai, watu wakatawanyika na miavuli yao. Kijana alipofika mlangoni alinitazama, nami nikatazama chini. Nimefundisha fasihi ya Kiswahili miaka thelathini na moja. Najua mwanafunzi anavyotazama akipewa jibu ambalo halikujibu swali lake.

Msimu ule nilikuwa nasoma vitabu vya Kanada. Binti wa mdogo wangu ni muuguzi huko Edmonton, na alipokuja likizo aliniletea boksi zima. "Mama mkubwa," aliniambia, "ulikuwa unatununulia sisi vitabu, sasa ni zamu yangu." Nikavisoma mchana, kamusi pembeni, mahindi ya uani yakiwa yamenipita kimo. Nilidhani napumzisha akili. Baada ya swali la yule kijana niligundua kwamba karibu kila kitabu katika boksi lile kilikuwa kinalizunguka swali hilohilo, kila kimoja kwa njia yake. Tangu siku hiyo nimevisoma kwa ajili yake.

Darasani tanzu nilizifundisha kama madebe ya dukani: hili la riwaya, hili la tamthiliya, hili la ushairi, na mwanafunzi akikariri sifa za kila debe anafaulu mtihani. Fasihi ya Kanada haikubali mpango huo. Nchi yenyewe inaandika kwa Kiingereza na Kifaransa, kwa lugha za wenyeji waliokuwapo kabla ya wote, na kwa kumbukumbu za watu waliofika juzi kwa ndege. L. M. Montgomery aliandika mwaka 1908 kuhusu yatima mwenye nywele nyekundu, kitabu ambacho mjukuu wangu alikimaliza kwa siku mbili. Alice Munro hakujenga jina lake kwa riwaya ndefu. Alikaa na hadithi fupi maisha yake yote, akizijaza wanawake wa miji midogo ya Ontario, na mwaka 2013 akapewa Tuzo ya Nobeli. Katika kurasa chache anaruka miaka thelathini ya ndoa ya mtu, na unapotua upande wa pili unajua kwamba kilichorukwa ndicho kilichouma.

Margaret Atwood ndiye aliyenitia hofu. Katika riwaya yake ya mwaka 1985, The Handmaid's Tale, serikali inatawala kwa Biblia huku ikiwakataza wanawake kuisoma. Aya za kitabu cha Mwanzo kuhusu Raheli na mjakazi wake zinageuzwa kuwa sheria ya kuwatumia wanawake kama mashamba ya watoto. Mwanamke mmoja anasimulia mateso yake. Kisha, ukidhani hadithi imekwisha, mwandishi anabadilisha utanzu: kurasa za mwisho ni mhadhara wa wasomi mwaka 2195, wakijadili kanda zilizohifadhi sauti ya yule mwanamke. Profesa anataka zaidi kujua yule mkubwa aliyemmiliki alikuwa nani. Anafanya na mzaha, na wasikilizaji wanacheka. Nilifunga kitabu nikakaa kimya, kwa sababu nami nimewahi kusimama mbele ya darasa nikieleza Majimaji kwa tarehe na sababu tatu za kushindwa, wala sauti yangu haikubadilika.

Lakini kitabu kilichonisumbua kuliko vyote ni cha Yann Martel, Life of Pi, kilichotoka mwaka 2001 na kupata tuzo ya Booker mwaka uliofuata. Kijana wa Pondicherry, India, anashika dini tatu kwa pamoja: Uhindu, Ukristo na Uislamu. Familia yake inahamia Kanada kwa meli, meli inazama, naye anakaa baharini siku 227 ndani ya mashua pamoja na chui milia. Akiokolewa, maofisa wa Kijapani wanaochunguza ajali hawamwamini. Basi anawapa hadithi ya pili, isiyo na wanyama: mashuani walikuwamo yeye, mama yake, baharia na mpishi, na mpishi akamuua mama. Kisha anawauliza maofisa ni hadithi ipi iliyo bora. Wanachagua ile ya wanyama. Naye anawaambia kwamba kwa Mungu nako ni vivyo hivyo.

Nilikasirika. Niliona kitabu kinaniambia kwamba imani ni kuchagua simulizi tamu kati ya mbili ambazo hakuna awezaye kuzithibitisha. Nikamfikiria yule kijana wa jumuiya. Je, nimwambie achague? Simulizi tamu ni kwamba wazee walimpokea Kristo na kupanda mbinguni. Simulizi chungu ni kwamba waliogopa, au walitumaini kuachiliwa, au walichoka. Mahenge kuna mifupa ardhini. Mtu hachagui habari za mifupa kama anavyochagua kitenge.

Nilipokisoma mara ya pili ndipo nilipoona nilichokuwa nimekipita. Katika hadithi ya wanyama yumo nyani jike, orangutani, ambaye fisi anamuua. Huyo ndiye mama. Kijana hakuwatunga wanyama ili apendeze. Alikuwa ameona mama yake akichinjwa, na hapakuwa na utanzu mwingine ambao ungeweza kulibeba jambo hilo bila kumvunja yeye anayelisema. Hadithi ya pili ilikuwa ya maofisa, wanaotaka kujaza fomu zao. Ya kwanza ilikuwa ya kumzika mama. Na zote mbili zilihitajika. Tangu hapo siulizi tena ni simulizi ipi iliyo bora. Nauliza kila moja ina deni kwa nani.

Bibi mzaa baba alikuwa na wimbo. Aliuimba akitwanga mahindi, na kila mara mimi na ndugu zangu tulipokaribia kinu aliyaacha maneno akabakiza sauti tu, akivumisha kwa pua, mchi ukipanda na kushuka. Sisi tulidhani ni mchezo. Tulinyatia nyuma ya kihenge ili tuyanase maneno, hatukuyanasa kamwe. Mama yake Bibi alikuwa mtoto wakati wa vita, akaponea njaa iliyofuata, pale Wajerumani walipochoma mashamba na maghala ili nchi ilale na njaa. Ngoma ya lizombe ilipochezwa kijijini Bibi alicheza na kuimba kama wenzake, ila wimbo ule hakuupeleka uwanjani hata siku moja. Alifariki nikiwa chuo cha ualimu. Maneno aliondoka nayo.

Kwa muda mrefu nililihesabu jambo hilo kuwa hasara, kwamba kuna hati imepotea. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Chuo cha Dar es Salaam walitumwa katika mikoa ya vita kukusanya masimulizi ya wazee waliokumbuka Majimaji, kazi njema ambayo bila hiyo tungebaki na ripoti za maofisa wa Kijerumani peke yake. Nilijilaumu kwamba sisi wa nyumba yake hatukufanya hata hilo. Kesi moja ya Kanada imenifanya nilitazame upya.

Watu wa Gitxsan na Wet'suwet'en, wenyeji wa British Columbia, waliishitaki serikali ya jimbo lao kuhusu ardhi ya mababu. Kesi inaitwa Delgamuukw, kwa cheo cha mmoja wa machifu. Hawakuwa na hatimiliki. Walikuwa na masimulizi ya koo zao, yaani adaawk, na nyimbo na ngoma zinazoitwa kungax, na kwao hizo ndizo hati. Mzee mmoja wa Kigitxsan, Mary Johnson, alipokuwa akitoa ushahidi alifika mahali ambapo simulizi lina wimbo, akasema lazima auimbe. Jaji Allan McEachern alisita. Alisema kumwimbia yeye hakungesaidia, kwamba hana sikio la muziki, na kwamba maneno yangeweza kuandikwa tu. Bibi yule akaimba, palepale mahakamani. Mwaka 1991 jaji alitoa hukumu dhidi yao, masimulizi yao hakuyapa uzito waliouomba. Wakakata rufaa. Tarehe 11 Desemba 1997 Mahakama ya Juu ya Kanada ikasema jaji alikosea: historia ya mdomo inapaswa kusikilizwa na kuwekwa sawa na hati za maandishi. Ikaamuru kesi isikilizwe upya.

Wengine huitaja kesi hiyo kwa ajili ya ardhi. Mimi inanishika kwa ajili ya imani. Jaji hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa utanzu mmoja. Aliamini kwamba wimbo ni pambo juu ya ukweli, ukiuvua ukweli unabaki mzima kwenye karatasi. Yule bibi alijua kwamba ukiuvua unabaki na kitu kingine kabisa. Nami nikatambua kwamba kwa miaka yote nilikuwa namtendea Bibi yangu kama jaji yule: nilitaka maneno, nikaona sauti ni ganda. Kumbe alinipa sehemu aliyoweza kunipa. Maneno yalikuwa deni lake kwa wafu, na sauti ilikuwa deni lake kwangu.

Na Biblia? Niliifundisha kwenye katekesi kwa miaka kana kwamba ni kitabu kimoja chenye sauti moja. Kitabu cha Ayubu kinaanza kwa hadithi, kinaingia ushairi na kukaa humo karibu chote, kisha kinarudi kwenye hadithi. Mwenye kusoma hadithi peke yake anapata mtu mvumilivu aliyerudishiwa ng'ombe. Mwenye kusoma ushairi anapata mtu anayemshitaki Mungu. Injili nazo ni nne, na hazikubaliani katika kila jambo. Wahalifu wawili wa msalabani, kwa Mathayo na Marko, wote wanamtukana Yesu. Ni Luka peke yake anayetupa yule aliyetubu. Katika karne ya pili msomi wa Siria, Tatiano, aliona usumbufu huo akaziunganisha Injili zote nne kuwa simulizi moja iliyonyooka, na Wakristo wa Siria wakaisoma kwa vizazi. Katika karne ya tano askofu Theodoreto alikusanya nakala zake zaidi ya mia mbili katika makanisa yake, akaziondoa na kurudisha zile nne. Wazo la kunyang'anya watu vitabu silipendi. Hata hivyo, kila nikifikiri kuhusu kilichohifadhiwa nashukuru: tumeachiwa shahidi ambaye hamsikii mhalifu akitubu, kando ya shahidi anayemsikia.

Kwa hiyo swali la kijana lina mashahidi wangapi? Shahidi wa kwanza ni habari za misheni, na deni lake ni kwa tarehe na kwa tendo: fulani alipokea maji. Hasemi moyo ulikuwaje, wala hakuahidi. Kanisa hufundisha kwamba sakramenti haitegemei utakatifu wa anayeitoa, lakini kwa mtu mzima lazima iwepo nia yake mwenyewe, na hakuna kitabu chenye mstari wa kuandika nia. Shahidi wa pili ni wimbo wa kuvumisha. Wa tatu ni utenzi, kwa maana vita hivi vilipata mtunzi wake wa pwani, Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, na Ebrahim Hussein akavipa tamthiliya, Kinjeketile, mwaka 1969. Wa nne, nisiyemtarajia, alitoka Kanada.

M. G. Vassanji alizaliwa Nairobi mwaka 1950, akakulia Dar es Salaam, akasomea fizikia Marekani, akahamia Kanada. Wakanada wanamhesabu kuwa wao, na wana haki. Sisi tunamhesabu kuwa wetu, na tuna haki pia. Kitabu chake The Book of Secrets kilipata Tuzo ya Giller mwaka 1994, ilipotolewa kwa mara ya kwanza. Mwalimu mstaafu wa Dar, kama mimi mstaafu wa Songea, anapewa shajara ya ofisa wa Kiingereza ya mwaka 1913 na anataka kujua siri yake: mtoto yule baba yake ni nani? Anatafuta kitabu kizima. Hapati. Mara ya kwanza msomaji huona ameibiwa. Baadaye nilielewa kwamba mwandishi amejizuia kuingia chumba kisicho chake. Tena mwaka 2012 akaandika The Magic of Saida, ambamo daktari wa Edmonton anarudi Kilwa kumtafuta msichana wa utotoni, na huko kuna mshairi mzee mwenye siri ya enzi za Mjerumani, na Majimaji inafukuta chini ya kila kitu. Binti wa mdogo wangu alikisoma kwenye basi akienda kazini, theluji dirishani, akanipigia simu analia: Mama mkubwa, sisi tumo humu.

Edmonton hiyohiyo iko karibu na Maskwacis, ambako Julai 2022 Papa Fransisko aliomba msamaha kwa watoto wa wenyeji walioteswa katika shule za bweni, nyingi zikiendeshwa na Kanisa letu. Tomson Highway, Mkree aliyepitia shule hizo, aliandika riwaya Kiss of the Fur Queen mwaka 1998, ambamo ndugu wawili wanachukuliwa kwa wazazi, wananyolewa, wanapewa majina mapya. Humo mna vicheko na ngoma na mizimu pamoja na mambo ambayo sikuweza kuyasoma usiku. Na tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama hapa kwetu Songea, akaomba msamaha. Kuomba radhi nako ni utanzu, na deni lake halijaisha hotuba inapoisha. Nawaweka pamoja Maskwacis na Songea kwa sababu pande zote mbili maji ya ubatizo na bunduki vilifika vikiwa vimeongozana, na mimi niliyebatizwa kwa maji hayohayo nayapenda na siwezi kuyaacha. Nikisema sioni doa lolote nitakuwa nimesema uongo mbele ya Sakramenti.

Alhamisi moja baadaye, baada ya sala ya jumuiya, nilimwita kijana abaki. Nilimwambia kwamba sijui kama waliamini. Nikamwambia pia kwamba mhalifu wa Luka aliomba kitu kimoja tu, akumbukwe, na hakuna mwanatheolojia anayempima kwa mizani ya hofu, ingawa bila shaka aliogopa. Mtu anaweza kuogopa na kuamini kwa pumzi moja. Anaweza pia kupokea maji kwa sababu ambazo hata mwenyewe hana majina yake. Chumba hicho kina mwenyewe, na mimi nimefika mlangoni tu.

"Sasa Mwalimu, sisi tufanye nini na hilo swali?" aliuliza.

Nilimwambia alete daftari, tuandike mashahidi. Akaleta daftari la mistari, la kurasa mia moja na ishirini na nane, akalichora safu kwa rula. Aliandika habari za misheni. Aliandika utenzi na tamthiliya, akaandika riwaya za Vassanji, ingawa alinitazama mara mbili nilipomtajia Kanada. Akaandika majina ya kaburini, ambayo ameahidi kwenda kuyanakili Mahenge. Kisha nikamwomba aweke simu yake mezani na kubonyeza kitufe cha kurekodi. Sauti yangu si ya Bibi, na sikuwa na mchi, kwa hiyo nilipigapiga meza kwa ngumi, taratibu, kama mahindi yanavyotwangwa, nikavumisha wimbo wake kadiri ninavyoukumbuka.

Mvua ilikuwa imepungua. Alisikiliza rekodi mara mbili akiwa ameinama.

"Na maneno yake, Bibi?"

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita Bibi.

"Sikupewa," nikasema.

Akafikiri kidogo, akachukua kalamu. Kwenye safu ya aina aliandika wimbo. Kwenye safu ya maneno akaacha wazi, na hakupiga mstari.